Moyo Niliousafisha

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuusafisha moyo wa baba.

Sisemi kwa mafumbo. Niliusafisha kwa kipanya cha kompyuta, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya studio ya picha mjini Karatu, kwa mkono uleule ninaoutumia kuwaondolea watu chunusi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mtu anakuja kupiga pasipoti saizi, anajitazama kwenye kompyuta, anasema, "Kaka, nisafishe kidogo." Hasemi zaidi, nami siulizi. Naondoa chunusi, naondoa kovu la utotoni kwenye nyusi, nalainisha shingo, nafuta ule weupe wa flashi unaotua kwenye paji la uso la mtu aliyetembea juani. Mabibi harusi wa Rhotia na Qurus wametoka mikononi mwangu na nyuso ambazo mama zao huzishangaa. Bosi wangu, mwenye duka la vifaa vya shule lililo mbele ya studio, husema nikiachiwa picha moja mchana kutwa nitaisafisha mpaka mwenyewe arudi tumboni.

Hanitanii bure. Nikiona doa siwezi kutulia. Nafuta, natazama, nafuta tena. Mteja akishaondoka na picha zake namfuata kwa mawazo hadi stendi, nikijiuliza kama niliacha kivuli chini ya kidevu.

Baba yangu ni dereva wa utalii. Alikuwa akiwashusha wageni kreta ya Ngorongoro tangu kabla sijazaliwa, na barabara ile ya mteremko anaijua kama mlango wa chumba chake. Siku moja, katikati ya mteremko, moyo wake ulianza kwenda mbio. Hakuwa ameona simba wala kugombana na mtu. Alisema ilikuwa kama kuku aliyefungwa ndani ya gunia. Macho yakaingia giza. Akasimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akawaambia wageni kwa Kiingereza chake kizuri kwamba watazame kulia, kuna tembo kwenye vichaka. Wote wakasimama, vichwa nje ya paa, kamera mikononi. Hapakuwa na tembo. Baba aliweka paji la uso kwenye usukani akangoja kuku atulie.

"Wageni wazuri wale," alitusimulia jioni akicheka. "Mmoja alisema ameuona mkonga."

Mama hakucheka. Aliendelea kuchambua maharage, lakini niliona anarudisha mabovu kwenye ungo.

Mara ya pili alianguka nyumbani, bandani, akimwekea ng'ombe majani. Hiyo haikuweza kufanywa hadithi. Alipelekwa hospitali, na hospitali ikamtuma kwenye hospitali kubwa zaidi, mbali, ambako alilazwa ndani ya mashine ya MRI inayogonga kama fundi bati na moyo wake ukapigwa picha kipande kwa kipande. Mimi ndiye niliyemsindikiza.

Daktari bingwa alikuwa mtu mpole mwenye tabia ya kuchora anapoongea. Alichora moyo uliofanana na kiazi. Alisema zamani, pengine katika ugonjwa ambao sisi tuliuita malaria kali, msuli wa moyo wa baba uliumia ukabaki na kovu. Moyo hupigishwa na umeme wake wenyewe. Umeme huo haupiti kwenye kovu, lakini katikati ya kovu hubaki vijia vyembamba vya nyama iliyo hai. Umeme ukiingia humo hupita polepole, hutokea upande wa pili umechelewa, hurudi ulikotoka, huzunguka na kuzunguka. Kuku wa baba alikuwa huo mzunguko. Vidonge vingempunguza kasi. Ili kumtuliza hasa, ingebidi mrija mwembamba upitishwe kwenye mshipa wa pajani hadi moyoni, na kijia kichomwe. Tatizo ni kujua kijia kiko wapi.

"Kwa hiyo tutatengeneza moyo wako ndani ya kompyuta," alisema. "Kutoka kwenye picha zako mwenyewe, mzee, si moyo wa kitabuni. Tutauchokoza huko mpaka ukimbie. Tutaona unazungukia wapi. Tutauchoma huko kwanza, ndipo tuje kwako."

"Na huyo wa kwenye kompyuta akifa?" baba aliuliza.

"Tunamwasha upya."

"Mimi mkinizima, nani ataniwasha?"

Daktari alicheka, lakini baba alikuwa anauliza. Daktari alipoona hivyo aliacha kucheka, akamweleza kwamba njia hii bado ni changa, inasaidia kujua pa kuanzia, haiondoi hatari yote. Baba akasema atafikiri. Daktari akasema afikiri, ila mpaka atakapotibiwa asishike usukani.

Tulipewa nakala ya picha kwenye diski. Baba alinikabidhi njiani kabla hatujafika nyumbani. "Kaa nayo wewe. Wewe ndiye mtu wa kompyuta."

Maneno hayo yalinifanya nisilale vizuri kwa wiki kadhaa. Mtu wa kompyuta. Sijasoma chuo. Nilichokijua nilikiokota kwenye video za mtandaoni kwa bando la simu, nikizisimamisha kila baada ya sentensi ili nitafute maana ya neno. Tangu tulipotoka kwa daktari yule nilijua nitajaribu. Programu zenyewe zipo, watafiti wameziweka wazi mtu yeyote azichukue. Unafungua picha, unazungushia msuli wa moyo mstari, kipande baada ya kipande, halafu programu inavishona vipande vile kuwa umbo moja, wavu wa moyo. Kisha unaupa wavu sheria za umeme, unaugusa mahali pamoja, unatazama wimbi likisambaa.

Nilifanya kazi hiyo studio, wateja wasipokuwepo. Bosi aliruhusu kwa sharti nisiunguze mashine yake. Feni ya kompyuta ilikuwa ikilia hadi watu waliokuja kununua madaftari wanauliza kama tunasaga mahindi.

Sasa, kovu. Daktari alisema kuna kovu, nami nililitafuta. Lakini makovu ninayoyajua mimi ni meusi. Ngozi zetu zikiungua au kukatwa huacha alama iliyokoza kuliko ngozi, na alama za namna hiyo nimezifuta mpaka naziona nikifumba macho. Katika picha za baba msuli wa moyo ulikuwa mweusi wenyewe, nami nikatafuta kilicho cheusi zaidi. Sikukiona. Nilichokiona ni weupe, mabaka meupe yasiyo na mpaka upande mmoja wa ukuta wa moyo. Weupe naujua. Weupe ni flashi, ni jasho linalong'aa, ni kosa la mpiga picha. Nikaufuta. Nikachukua weusi wa jirani nikaupaka juu yake, nikalainisha kingo, kipande kwa kipande, kwa uangalifu ambao nilijivunia.

Moyo ule ulipiga vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Wimbi jekundu lilipanda kutoka chini, likafunika moyo wote, likazimika. Nikauchokoza kama daktari alivyosema, nikaugusa haraka haraka, sehemu hii na ile. Haukukimbia. Kila mara ulitulia.

Ningeweza kukaa nao peke yangu. Nilitaka sana mtu auone. Jumapili baada ya kanisa nilibeba kompyuta ya mkononi ya bosi hadi nyumbani Rhotia, nikamwonyesha baba.

Alivaa miwani. Alitazama muda mrefu, kidole chake kikipiga mezani pamoja na wimbi.

"Huu ni wangu?"

"Wako. Kutoka kwenye picha zako."

"Na kovu?"

"Sijaliona, baba."

Alivua miwani. Mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo, na mpaka leo nikikumbuka yale mabega natamani kutoka nje nikatembee. Jioni ile alipiga simu kwa rafiki yake wa kampuni moja ya utalii. Msimu ulikuwa umechanganya, madereva hawatoshi, walikuwa wanachukua madeiwaka, watu wa kulipwa kwa siku. Siku mbili baadaye alikuwa ameosha buti na kupiga pasi shati la kaki. Safari ya Engaresero, Ziwa Natron, wageni wanne.

"Daktari alikataza," mama alisema mlangoni.

"Daktari alichora kiazi," baba alimjibu. "Kijana wako amechora moyo."

Gari lilipoondoka mama hakunitazama. Alisema tu, akielekea jikoni, "Wewe ndiye uliyempa ruhusa."

Nilijitetea moyoni kwamba kazi yangu ilikuwa safi. Ili nipate mtu wa kuniambia hivyo, nilituma video kwa dada mmoja aliyekuwa kwenye timu ya daktari. Yeye ndiye hutengeneza mioyo ile kwenye kompyuta, na alikuwa ametupa namba yake kwa maswali. Mimi sikuwa na swali. Nilitaka kusifiwa.

Alijibu mchana nikiwa nampiga picha mwanafunzi.

"Hongera kaka, kazi ngumu hii kwa mtu aliyejifunza mwenyewe. Ila kovu umeliweka wapi?"

Nikaandika kwamba sikuliona.

Akanitumia kipande kimoja cha picha za baba, kilekile, na duara la njano kuzunguka weupe. "Hili hapa. Kwenye kipimo hiki kovu hung'aa, ndiyo maana alichomwa sindano ya dawa kabla ya picha. Wewe uliona nini hapa?"

Mwanafunzi aliniuliza kama anaweza kukohoa. Nikamwambia asubiri. Nilikaa chini. Nilimwandikia yule dada kwamba niliufuta, kisha nikafuta ujumbe huo, kisha nikauandika tena nikautuma.

Hakunikaripia. Aliuliza jambo moja: "Mzee yuko wapi sasa?"

Nilimpigia baba. Simu haikupatikana. Nikapiga tena nikiwa nje ya duka, kana kwamba barabarani mtandao wa Natron ungekuwa karibu. Haikupatikana. Nikapima mapigo yangu shingoni, nikaona yanakwenda mbio, nikaanza kuogopa kwamba nami nina kovu. Bosi alinitazama nikizunguka kati ya kabati la kalamu na mlango.

"Fundi, kaa. Unanitia kizunguzungu."

Nikamweleza. Alikuwa anafunga madaftari kwa kamba, akaendelea kufunga.

"Kwa hiyo ulimpiga mzee wako pasi kama shati," alisema.

"Ndiyo."

"Basi akipatikana mwambie. Si kazi kubwa. Unasema, nilikosea."

Ilikuwa kazi kubwa. Hilo ndilo ninalotaka kulisema hapa bila kulainisha. Kwa sababu jioni ile, nikiwa nimefungua picha upya na kuanza kuliweka kovu mahali pake, baba alipiga mwenyewe. Alikuwa amepanda kilima nyuma ya kambi kutafuta mtandao, nasikia upepo kwenye simu.

"Kijana, nipo. Mwambie mama yako wageni wanapenda. Kesho asubuhi tunageuza."

Moyo wa pili ulikuwa mbele yangu kwenye kompyuta, nusu yake imeshonwa, kingo zake zimechongoka kama bati lililokatwa kwa shoka. Ulikuwa mbaya. Nikafikiri: nikimwambia sasa ataniuliza ninajuaje, nami sina cha kumwonyesha ila huu uchafu. Acha nimalize. Kesho nitakuwa na kitu kizuri, nitamwambia vizuri.

"Sawa, baba," nilisema. "Safari njema."

Nilikata simu nikaendelea kulainisha kingo. Ilichukua dakika chache kabla sijaelewa nilichofanya. Nilipopiga tena alikuwa ameshashuka kilimani.

Siku iliyofuata sikuweza kufanya kazi. Nilimpa mteja picha za mtu mwingine. Nilipiga simu mpaka chaji ikaisha, nikachaji, nikapiga. Niliwaza ile barabara yote, vumbi lile la majivu ya mlima wa volkano, mabonde ya kuvuka, kisha Mto wa Mbu, kisha kona za kupanda kuja kwetu na malori yanayoshuka. Kila mahali nilipomwaza, nilimwaza ameweka paji la uso kwenye usukani. Mchana nilifunga studio nikapanda bodaboda kwenda Rhotia kumngoja barabarani. Kompyuta niliibeba mgongoni, na moyo ule mbaya ndani yake, haujaisha.

Alifika jua likiwa bado juu. Alikuwa ameshawaacha wageni hotelini, akaletwa na dereva mwingine. Hapo nilijua. Baba haendeshwi.

Alikaa kwenye gogo kando ya bomba la maji, akafungua kamba za buti.

"Leo nimewaonyesha mbuni," alisema.

"Mbuni walikuwepo?"

"Hapana."

Mama alikuwa ametoka jikoni amesimama nyuma yake, mkono begani mwake.

"Mara hii nilisahau kuvuta breki," alisema. "Gari lilijiendea lenyewe kwenye mchanga. Mgeni mmoja akaruka mbele akaivuta. Mimi nilikuwa sipo."

Nikamwambia. Sikuanza vizuri. Nilianza na rangi nyeupe na nyeusi, nikaingia kwenye ile dawa ya kung'arisha kovu, mama akaniambia, "Sema kitu kimoja." Ndipo nikasema niliona kovu nikalifuta, na kwamba jana jioni alipopiga simu nilikuwa nimeshajua kosa hilo, lakini nikamwambia safari njema.

Baba alivua buti moja, akakung'uta mchanga.

"Kwa hiyo ulinipiga picha ya harusi," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nikaipenda." Alitikisa kichwa. "Lete huo mwingine."

"Haujaisha. Ni mbaya sana."

"Mimi je, nimeisha?"

Niliweka kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikauchokoza ule moyo mbele yake. Ulipiga kawaida mara kadhaa, kisha wimbi likakwama kwenye kovu, likajipenyeza kwenye kijia, likatokea nyuma, likarudi. Likazunguka. Halikuzimika. Mama alishika mdomo.

Baba alisogea karibu. Shamba la jirani upande wa chini lilikuwa limechomwa mabua wiki ile, na ukanda mweusi bado ulionekana pembeni, ule ambao watu huuchoma kwanza ili moto usivuke kwenda kwa wengine.

"Ni moto huu," alisema. "Unapita kwenye nyasi zilizobaki kati ya mahali palipoungua."

"Ndiyo. Daktari anataka kuchoma nyasi hizo kwanza."

"Lakini moto haurudi palipoungua. Huu mbona unarudi?"

"Kwenye moyo nyasi zinaota tena, baba. Kabla hujafumba jicho zimeota."

Alilitafakari hilo. "Shamba la ajabu," alisema. Kisha akamwambia mama amtafutie ile namba ya daktari.

Tulisafiri wiki iliyofuata, baba akiwa kiti cha dirishani. Yule dada wa timu ya daktari alinionyesha moyo waliomtengenezea. Ulikuwa na kingo mbaya pia, na hilo lilinishangaza. Alikuwa ameyaacha mabaka ya kijivu ambayo hata yeye hakuwa na hakika nayo, akaupiga ule moyo kwa namna nyingi, mabaka hayo yakiwemo na yasipokuwemo, kuona mzunguko unabaki wapi. Kijia chao hakikuwa mahali pa changu. Nilimuuliza kama nilikaribia.

"Hapana," alisema, akacheka. "Ungemchoma mahali pazima."

Nilicheka naye, kisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Ndani ya kompyuta, kwa mkono wangu, ningeuchoma moyo wa baba mahali pasipo na ugonjwa, na picha ingependeza.

Siku ya kuchomwa baba aliingizwa asubuhi, mrija ukapitishwa pajani. Saa zile nilizunguka ua wa hospitali mpaka mlinzi akanipa kiti chake. Daktari alipotoka alisema walianzia pale kompyuta ilipowaonyesha, wakapima kwa mrija wenyewe, wakaongeza sehemu nyingine ndogo jirani ambayo kompyuta haikuionyesha, kisha wakauchokoza moyo kwa makusudi. Haukukimbia. Alisema hilo ni jema lakini si kiapo, na vidonge vitaendelea. Baba alipozinduka vizuri aliomba chai, akaambiwa bado, akasema basi wamwonyeshe tembo.

Tangu hapo kuku hajarudi. Baba hajaruhusiwa kuendesha wageni. Siku hizi hukaa kiti cha abiria na madereva wapya, akiwafundisha mteremko wa kreta, na hulalamika juu ya gia zao. Mimi bado nasafisha picha kulekule studio. Kabla sijafuta alama yoyote namuuliza mwenye uso inatokana na nini, na kama anataka ibaki. Wengi husema ibaki. Na nikikosea nasema siku hiyohiyo, kazi ikiwa bado mbaya.